Kabla Hajamuaga

Blažena aliingia jikoni akakuta supu inafurika, na mumewe amesimama katikati ya sakafu, ndani ya duara la chaki, upanga mkononi, anaiangalia tu inavyomwagikia motoni.

"Hata kuepua chungu kumekushinda?"

"Siwezi kutoka humu, mke wangu. Nimemwita pepo anionyeshe madini ya fedha yalipo mlimani."

"Amekuja?"

"Bado."

"Basi toka."

"Mpaka nimuage kwanza."

"Unamuagaje mtu ambaye hajaja?"

Mumewe akautazama mstari wa chaki. Ndivyo alivyofundishwa: aliyemwita pepo havuki mstari kabla hajamuaga.

Blažena alikuwa amechoka naye. Kuni hazijapasuliwa, paa linavuja, na sasa sakafu yake imechorwachorwa. Akachukua tambara lenye maji, akapiga magoti, akaifuta chaki yote mpaka kwenye vidole vya miguu ya mumewe. Mume hakusogea.

"Haya, ota mizizi hapohapo."

Akapakua supu mabakuli mawili, akayaweka mezani, akageuka kukata mkate.

Alipogeuka tena, mumewe alikuwa bado amesimama palepale. Bakuli lake mezani lilikuwa limelambwa likang'aa.

Blažena aliweka kisu chini taratibu.

"Muage," alinong'ona.