Wa Kushika Fundo

Mlinzi wa ukumbi aliweka kidole cha shahada juu ya fundo, akabana pumzi. Mpambaji akavuta masikio mawili ya utepe. Moja likatoka refu, lingine likalala chali. Akafungua, akaanza upya.

“Umebonyeza mno, baba. Umeacha alama.”

“Mama, mimi nalinda geti. Keki sijawahi kuilinda.” Akajifuta jasho. “Si ubandike tu? Keki ngapi nimeziona humu, utepe umegandishwa na gundi, watu wamekula wamekwenda zao.”

“Ya leo haibandikwi.”

Mlinzi akatikisa kichwa, akarudi getini kwake. Viti vilikuwa vimepangwa, vitupu vyote. Mpambaji akabaki na keki yake ya ghorofa tatu katikati ya ukumbi ule mkubwa.

Ghorofa mbili za chini zilikuwa zimekamilika. Alikuwa amezizungushia utepe wa satini, nyuma yake karatasi ya nta ili kitambaa kisinyonye mafuta ya krimu, na kiungo akakigeuzia upande wa ukuta. Hayo mtu mmoja anayaweza. Lililobaki ni fundo la juu, lile lenye masikio mawili, na satini ni kitambaa chenye kiburi: ukikiachia kidogo tu, kimeteleza. Mkono mmoja hushika sikio hili, wa pili sikio lile, na fundo lenyewe hutaka kidole cha mtu mwingine.

Zamani kidole hicho hakikuwa na shida. Binti yake alianza kazi hiyo akiwa hafikii meza, amesimama juu ya kigoda. Watu wote duniani hushika fundo kwa kidole cha shahada. Yeye alishika kwa gumba, kwa sababu cha shahada kilikuwa mdomoni na krimu. Akakua, akaacha kulamba, lakini gumba halikubadilika. “Nimeshika. Vuta, mama,” alikuwa akisema, na fundo likatoka limenyooka kama limepigwa pasi.

Halafu saa ya ukutani ikasimama, ile aliyoinunua marehemu mume wa mpambaji, akaitwa fundi saa. Fundi akaja, akaitengeneza. Akaja tena kuikagua. Akaja mara nyingine, na saa yenyewe wala haikuwa na neno. Mwanamume mpole, shati limenyooka, chai anakunywa polepole. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba fundi huyo haangalii saa.

Ugomvi wa mama na binti ulizuka jikoni, sahani zikiwa bado mezani. “Olewa naye basi, kama umeona hakuna mwingine. Ila siku hiyo usinitafute.” Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi mdomoni. Wakaachana bila kuagana, na binti akahamia mji mwingine na sanduku lake moja.

Tangu hapo mpambaji akawa mtu wa kubandika. Wateja hawakulalamika. Lakini kile kigoda hakukitoa, akawa anawekea mabunda ya utepe ili kisionekane kitupu, na makombo ya keki akawa anakula peke yake amesimama. Ilimuuma. Mtu anaweza kuwa na wa kumsalimia asubuhi na jioni, na jiko likabaki limenuna vilevile.

Siku chache nyuma alimwandikia binti kwenye simu: utepe ni wa rangi ya maziwa, nitaufunga mwenyewe ukumbini asubuhi ya harusi. Alikuwa ameongeza “njoo unishikie”, akaogopa, akayafuta kabla ya kutuma. Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Na leo alfajiri, jirani alipokuwa akimsaidia kupakia maboksi kwenye teksi, alimpigia kelele.

“Yaani siku kama ya leo unahangaika na keki? Mwachie mtu mwingine, ujipambe.”

“Nani anaijua kazi hii?”

“Basi angalau toa hiyo krimu kwenye nywele.”

“Nitaitoa,” alisema, na akasahau.

Sasa jua lilikuwa limefika kwenye safu ya mbele ya viti. Alijaribu kushika fundo kwa kidevu, likateleza. Akajaribu kwa kibanio cha nguo, kikakwaruza krimu, akalazimika kuipaka upya. Gundi ilikuwa ndani ya mkoba. Aliitoa, akaifungua, akaitazama. Hakuwa anaomba makubwa. Alitaka binti yake amtazame usoni, hata kama ni kwa dakika moja, hata kama ni kwa hasira, kabla watu hawajajaa humu na kuanza kushangilia. Akiibandika ndiyo basi, amekubali kwamba yameisha.

Akaifunika gundi. Mara ya mwisho, alijiambia. Akapitisha utepe, akapinda masikio, akakaza alivyoweza. Fundo likaanza kulegea kama yale mengine, na macho yake yakajaa machozi hata asione lilipo.

Gumba likashuka juu ya fundo, likatulia.

Hakuthubutu kuinua kichwa. Aliogopa akitazama, litaondoka.

“Nimeshika. Vuta, mama,” binti akasema. “Halafu twende nikakuvalishe gauni. Fundi saa wako yuko getini anatazama saa yake, na sijapata kuona bibi harusi mwenye krimu kichwani.”