Maji ya Baraka

Rozina aliingia na ndoo kichwani, akakuta mfuniko wa mashine ya kutotolesha vifaranga umeegemezwa ukutani na dirisha liko wazi. Vifaranga walikuwa watoke kesho! Siku tatu za mwisho mashine haifunguliwi hata kidogo, baridi isije ikaua vifaranga, na upepo wa Sumbawanga mwezi wa saba unapenya hadi mifupani.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, akichovya kidole kwenye chupa ya maji ya baraka na kuchora msalaba juu ya yai moja moja.

"Shikamoo, mama," Rozina alisema, akitua ndoo.

"Marahaba, mwanangu. Yamebaki mawili tu." Akainua yai lililotoboka, mdomo mdogo ukichungulia. "Hili lilikuwa linalia sana. Nilipolibariki tu, likatulia."