Kasoro ya Simu Mpya

"Hii si simu, ni tofali la kioo!" Fundi simu aliinyanyua juu wateja wote waione. "Wameipaka rangi, wameipa jina refu, na nyie mnaikimbilia kama nzi!"

Simu yenyewe ilikuwa ya mkewe. Alikuwa ameinunua kwa akiba yake, tena bila kumuuliza mumewe, ambaye mtaa mzima humuuliza kabla ya kununua hata chaja. Asubuhi hiyo alimwachia abandike kioo cha kuzuia mikwaruzo, akaenda kusukwa saluni ya jirani.

"Bandika kioo tu, baba watoto. Usiichokonoe."

Ndipo fundi alipoapa mbele ya wateja: kabla mkewe hajamaliza kusukwa, angepata kasoro ya kuirudisha simu dukani. Akikosa, nani angemwamini tena?

Kumbe kasoro hazikupatikana kirahisi. Kamera, alikiri kwa shingo upande, ilikuwa kali. Ilitoa hadi vinyweleo vya sikio la mteja. Chaji haikutikisika. Aliimwagia maji, ikang'aa zaidi.

"Nzito," alisema. "Halafu inateleza kama kambale."

"Uzito nao ni kasoro, fundi?" aliuliza mama muuza nguo. "Si ndiyo raha ya kitu cha maana!"

Wateja wakacheka. Fundi akachukia. Akaigeukia kufuli ya uso, ile inayofunguka kwa sura iliyosajiliwa tu, akajielekezea simu. Ikamkataa.

"Sawa, sina sura ya mwenye mali."

Ndipo akaingia fundi viatu wa kibaraza cha pili, yule wanayemwita Kobe, kuazima gundi. Mpole hadi kuudhi. Fundi simu alimdharau tangu zamani. Mwanamume gani huyo, hata nzi hamfukuzi!

"Kobe, lete sura hiyo hapa!"

"Niache, fundi. Nina kazi."

"Kazi gani, kupiga soli? Simu ikimfungulia Kobe, itamfungulia hata mbuzi!"

Akamshika kidevu, akamwekea simu usoni. Ikafunguka.

Fundi aliruka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akapiga meza bisibisi zikamwagika.

"Si niliwaambia? Kufuli gani hii, mlango wa choo cha stendi! Inarudi dukani leo leo, na mama watoto ataniomba radhi!"

"Hebu na mimi," alisema muuza nguo.

Ikamkataa.

Akajaribu mzee aliyeleta redio. Ikakataa. Fundi akaipitisha mbele ya kila aliyekuwa pale kwake, akatoka nayo hadi barabarani, akawasimamisha wapita njia. Ikakataa wote.

"Imeshtuka tu," alisema, kicheko kikianza kumkauka. "Mashine mbovu ndivyo zilivyo."

Akarudi kwa Kobe, aliyekuwa bado amesimama pale pale, macho chini.

"Inua uso."

Kobe akainua. Simu ikafunguka.

Safari hii hakuna aliyecheka. Muuza nguo alijifanya anatafuta kitu mkobani. Fundi alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Hakuitazama simu, wala hakumtazama mumewe. Alimtazama Kobe.

"Umeshamwambia?" aliuliza.