Tisini na Tisa

Ifahamike kwa wakubwa kwa wadogo kwamba siku hiyo, katika chumba cha kompyuta cha mjini, historia iliandikwa. Kwa kweli ilikuwa inanakiliwa tu, na mimi nilikaa kando nipate cha kucheka.

Diski ya Bi Wakesho ilikuwa inakufa, na ndani yake kulikuwa na sauti pekee iliyobaki ya marehemu mama yake. Fundi Nyange aliandika amri ya kunakili. Skrini ikabaki nyeusi. Bi Wakesho akanyoosha mkono aichomoe diski.

"Imekwama hii."

"Usiiguse, mama. Amri hii haisemi kitu mpaka imalize."

"Basi weka inayosema. Mama yangu hakuwahi kunyamaza hivi."

Nyange akaikatiza, akaandika nyingine, na asilimia zikaanza kupanda: tano, arobaini, tisini na tisa. Hapo zikasimama. Diski ikakwaruza. Kisha mia.

Fundi akafungua nakala.

"Zima hicho kidude," marehemu akafoka, "ugali unaungua."

Bi Wakesho akacheka mpaka machozi, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, sasa niachie mkono."

Nakiri mbele yenu: si yeye aliyenishika. Ni mimi niliyemshika pale kwenye tisini na tisa, na vidole vyangu vilikuwa bado havitaki kufunguka.