Mteja wa Washauri Watatu

"Wewe si mteja wangu wa Jumatatu?"

Fundi cherehani aliinua macho. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha kungojea cha mshauri wake wa Jumatano, mkoba mapajani, na aliyesimama mbele yake na faili kwapani alikuwa mshauri wake wa Jumatatu. Alitaka kudanganya, mdomo ukagoma.

"Ndiye mimi," alisema. "Na Ijumaa nina mwingine."

Kwa miezi minne alikuwa akiwazungukia washauri nasaha watatu wa mji ule, kila mmoja bila kujua kwamba anawaona na wenzake. Moyoni alikuwa amewabatiza majina. Wa Jumatatu, mwanamume mwenye ndevu zilizotunzwa, alikuwa Mchimbaji: ukimwambia kichwa kinauma, yeye atauliza uliachishwa ziwa lini. Wa Ijumaa alikuwa Kocha, mwanamke mwepesi wa miguu na wa maneno, aliyegawa mazoezi kama mwalimu wa hesabu. Wa Jumatano alikuwa Msikilizaji. Mama huyo hakuchimba wala hakuagiza. Alikaa nawe ndani ya uchungu wako mpaka ukapoa kidogo.

Wote watatu aliwapa habari ileile. Tangu msiba uingie nyumbani, kuvuka kizingiti imekuwa vita. Jasho, moyo mbio, magoti maji.

"Lakini kuja hapa umevuka mji mzima," Kocha alimwambia siku moja.

"Leo ni afadhali," alijibu, akainamia daftari lake.

Aliandika kila neno, na maswali hayakumwisha. Zoezi hili lifanywe asubuhi au jioni? Na mtu akisusa, abembelezwe au aachwe?

Sasa siri ilikuwa imefichuka. Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, walimwita ofisini kwa Kocha, ghorofa ya kwanza. Walimvutia kiti. Hakukikalia. Alikwenda mlangoni, akarudi, akasokota ncha ya mtandio kidoleni, akaifungua, akaisokota tena.

"Dada, chagua mmoja wetu," alisema Kocha. "Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alijibu fundi. Akaenda dirishani, akachungulia chini, akarudi.

"Ukichanganya njia hizi unaziharibu zote," alisema Mchimbaji. "Mimi natafuta mzizi. Mwenzangu huyu anapogoa matawi."

"Na huo mzizi utaufikia lini?" Kocha alimgeukia. "Mteja akishazeeka?"

Wakaanza. Ilionekana wazi kwamba ugomvi ule ulikuwa wa zamani, na kila mmoja alijua mwenzake atajibu nini kabla hajajibu.

"Usitushangae," Msikilizaji alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Sote watatu tumefundishwa na mtu mmoja. Alitufundisha njia zote hizi, halafu akatuapisha: chagua moja, ufe nayo. Aliyechanganya alitolewa nje ya darasa."

"Labda siku hizi amelegea."

Mchimbaji alicheka kwa pua. "Yule? Mlima utahama kwanza."

Fundi alikwenda tena dirishani. Safari hii alikawia, kiganja kwenye kioo. Aliporudi alilitoa daftari mkobani na kulitua mezani.

"Someni. Halafu mkitaka kunifukuza, nifukuzeni."

Vichwa vitatu vikainama. *Wiki ya pili: kumzungumzia marehemu, kulia. Wiki ya tano: hatua tatu hadi mlangoni, imeshindikana, kukaa kimya pamoja, saa nzima. Wiki ya sita: mlangoni tena, imewezekana. Wiki ya kumi: getini. Wiki ya kumi na nne: dukani na kurudi.*

Kocha alipitisha kidole kwenye wiki ya tano. "Hapa mazoezi yangu yaligonga ukuta."

"Ndipo yakapokewa na kimya changu," alisema Msikilizaji.

"Na bila kile kilio cha wiki ya pili," alisema Mchimbaji polepole, "hata huo mlango usingekaribiwa. Nani alikuonyesha mpangilio huu?"

"Hakuna. Hii ikikwama, nilijaribu ile. Sindano ya jinzi haishoni hariri, lakini kuna siku unaletewa gauni moja lenye vyote viwili." Alitupa jicho tena dirishani. "Nimefika nilipofika. Sasa nimekwama, na peke yangu siwezi tena. Nawataka ninyi watatu, kwenye chumba kimoja. Na nataka jibu sasa hivi, sina hata robo saa ya kungoja."

Walitazamana kama ndugu waliokutanishwa na msiba baada ya miaka ya kununiana. Mchimbaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwalimu akisikia atatulaani," alisema.

"Na asikie," alisema Kocha. "Dada, kaa. Tutakuhudumia kwa pamoja."

Msikilizaji alikuwa ameshasogeza kiti chake kando ya viti vya wenzake.

Fundi alishusha pumzi ndefu. "Si mimi," alisema. "Mgonjwa ni baba. Nimemwacha hapo chini kwenye benchi."

Alishuka ngazi, akarudi amemshika mkono mzee aliyevaa koti lililombwaya, ametota jasho, akihesabu pumzi zake. Washauri watatu wakasimama kwa mpigo mmoja, kama walivyokuwa wakisimama zamani kila mzee huyo alipoingia darasani.