Kamba Fupi

Bi Tausi alipofika gatini, maji yalikuwa yakipwa na mashua yao imening'inia kwenye kamba zake kama ndoo kisimani, mbao zikilia. Mumewe, Mbaruku, ndiye aliyeifunga asubuhi maji yalipojaa. Ndiye pia aliyeichagua, yenye tumbo bapa la kukaa wima juu ya matope, ili uzeeni watembee wawili mwambao hadi mwambao. Na mtu huyo, aliyekulia kwenye maji ya kupwa na kujaa, ameifunga kamba fupi.

Bi Tausi akafunga kwanza kamba ndefu, kisha akazikata zile fupi kwa kisu. Mashua ikaanguka kwa kishindo, ikayumba, ikatulia.

Mbaruku akaja na kopo la rangi, maana siku hiyo walipanga kuipaka ubavuni. Akavitazama vipande vya kamba.

"Nani kaifunga hivi?"

Bi Tausi akadhani ni mzaha. Akamtazama usoni, akaona anauliza kweli.

"Mimi," akasema.

"Ungetuvunjia chombo, mke wangu. Kamba huachiwa nafasi, chombo kishuke na maji. Njoo nikufundishe."

Akaokota kamba, akaipitisha kwenye pete ya chuma, akaizungusha mara moja. Hapo akasita. Bi Tausi akasimama kando yake, asithubutu kumsaidia, akiitazama ile mikono iliyobaki hewani na ncha ya kamba, huku chini yao maji yakizidi kushuka.