Kilo Moja ya Kostiki

Inosenti, katibu wa mradi wetu wa sabuni pale Endabash, alinyanyua ndoo ya pili ya mafuta ya mkia wa kondoo akaimimina kwenye sufuria kabla sijamshika mkono.

"Katibu, acha!" nilimwambia. "Kostiki yetu ni kilo moja. Inageuza mafuta kilo saba tu kuwa sabuni, na hizo zimo tayari. Tutapata sabuni kilo saba na kidogo, basi. Yanayozidi yatabaki mafuta."

Akacheka mbele ya wanawake wote wa mradi. "Mwalimu wa kemia! Mafuta mara mbili, sabuni mara mbili. Hata mbuzi anajua hilo."

Mbuzi angeuliza kwanza. Nikamtazama mtu mzima, amevaa suti aliyopigiwa pasi na mkewe, akikoroga ujinga wake kwa mwiko.

Siku ya tatu alifika mgeni kutoka wilayani. Mwaka ule madukani hakukuwa na sabuni hata kipande, kwa hiyo kijiji kizima kilikuja kutazama. Inosenti akachukua kipande cha sabuni yetu, kilegevu kama siagi.

"Ndugu mgeni, tazama!" akasema, akaanza kunawa.

Povu lilitoka kidogo, likafa. Akasugua tena. Maji yakateleza juu ya ngozi kama juu ya jani la mgomba, na mafuta yakatambaa mpaka kwenye mikono ya suti.

Mgeni, kwa adabu, akasogea kumpongeza, akanyoosha mkono.

Inosenti aligeuka kutafuta cha kufutia mikono, macho yakaganda kwenye kanga begani mwangu. Nikaivua, nikaikunja taratibu, nikaikalia.